Laptopu ya Tononoka

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa wakili mmoja wa kesi za mirathi. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwafuata wajane majumbani, wakiwa wamekaa eda, nikaandika maelezo yao kwa mkono, kisha nikarudi ofisini kuyapiga chapa. Mara nyingine hata mimi mwenyewe nilishindwa kuusoma mwandiko wangu. Siku moja wakili akaniambia nitafute kompyuta ya kubeba, zile zilizokuwa zikiitwa laptopu, na nichague mwenyewe kwa kuwa itakaa begani kwangu.

Duka la kwanza lilikuwa karibu na Barabara ya Digo. Muuzaji alinitolea mashine inayong'aa. Nilipomwomba aichomoe kwenye umeme nione itakaa muda gani, akasema betri bado mpya, haijazoea. Nilipotaka kuinyanyua nijue uzito wake, akaweka mkono juu yake. Mtu asiyekuachia ushike anachokuuzia ana lake jambo. Nikaaga.

Kisha jirani yangu wa Bondeni akanitajia mtu wa mtaa wa Tononoka aliyekuwa akiuza yake. Nilikwenda na shangazi yangu, muuza leso, ambaye hakuamini kitu mpaka akigeuze upande wa pili.

Mwenye nyumba alikuwa Mtaita wa makamo, mpole. Alitukaribisha kwa adabu, lakini kompyuta hakuitoa mpaka alipomaliza kuniuliza nafanya kazi wapi, nitaandika nini, na nani mwingine ataigusa. Nilimtazama shangazi, naye akanitazama. Muuzaji gani huyu anayemhoji mnunuzi?

Alipoileta, shangazi akaigeuza. Chini palikuwa na alama ya kibandiko kilichokwanguliwa kwa kisu. Akanionyesha kwa kidole. Yule bwana akaiwasha, ikadai neno la siri, naye akatugeuzia mgongo akaliandika. Niliinuka niende zangu. Shangazi akanivuta buibui.

"Kaa," alininong'oneza. "Mwizi angelijua wapi hilo neno?"

Nikakaa, ila sikuridhika. Nilichomoa waya, nikaipakata, nikaandika hati nzima ya kubuni huku nikiitazama saa ya ukutani. Vibonye vilikuwa vyepesi, baadhi ya herufi zimefutika kwa kutumika. Dakika arubaini zikapita na betri ingali hai. Nikaomba nitembee nayo hadi barabarani. Alikubali, akanifuata hatua mbili nyuma. Mimi nilimshuku yeye, yeye alinishuku mimi, na shangazi alitushuku sote wawili.

Tuliporudi nilimwuliza waziwazi ni ya nani.

"Ya mke wangu," akasema. "Alikuwa mwalimu. Ametangulia."

Akaeleza kwamba ndani mlikuwa na maandishi ya marehemu, hakujua kuyatoa, na hakutaka kumpa fundi asiyemjua. Kesho yake nilirudi na diski, nikayanakili bila kuyafungua, yeye ameketi ubavuni akitazama vidole vyangu. Nikamkabidhi diski zake, nikayafuta yaliyobaki, tukamaliza biashara. Hata hivyo, njiani nilijiambia kwamba hakuna mwizi asiyeweza kubuni mke aliyekufa.

Wiki haikuisha, akaja ofisini. Nilidhani ameandamana na askari. Alikuwa peke yake, na mkononi alikuwa na risiti ya kompyuta aliyoiokota katika vitabu vya mkewe.

"Niliona mlivyopatazama pale chini," alisema. "Ni mimi niliyekwangua. Palikuwa na jina lake, na sikutaka lizungushwe majumbani mwa watu."

Badala ya kumpa pole, niliigeuza kompyuta nikalinganisha nambari yake na ile ya risiti, tarakimu kwa tarakimu, naye amesimama mbele yangu. Zililingana. Nilipoinua macho alikuwa ameugeukia mlango. Nilimwomba radhi, akasema si kitu. Hadi leo naona haya kwamba sikungoja aondoke kwanza.

Kazi ya kwanza niliyoifanya nayo ilikuwa kwa bibi mmoja wa Mji wa Kale, aliyefiwa na mume aliyeishi naye tangu usichana wake. Alipoiona alifunga kinywa. Aliamini inanasa sauti, na kwamba mashemeji zake wangekuja kusikia kila alichosema. Niliifunga, tukanywa kahawa, tukazungumza mengine. Siku ya pili akaniruhusu niifungue, mradi nikae upande wake, si mbele yake.

Alisema, nikaandika, nikamsomea. Alinisahihisha mara mbili kuhusu chumba cha juu ambacho mumewe alimpa mwenyewe, kwa kauli yake, mbele ya watu. Kisha akataka nimsomee tena tangu mwanzo, nisiruke. Nikamsomea polepole, naye akafuata mistari kwa kidole juu ya kioo, ingawa hakuwa amesoma hata herufi moja ya kizungu.