King'ora cha Mvua

Nakumbuka mchana mmoja wa msimu wa karafuu, mwanangu, ambao nusura uninyime mume na wewe ukose baba. Kwa hiyo weka chini hiyo regyuleta ya miguu mitatu, unisikilize kwanza.

Baba yako alikuwa fundi simu pale Mkoani, ameleta posa, na babu yako, baba yangu mie, anajivuta. Kero kubwa ya babu yako ilikuwa mvua: karafuu zikianikwa majamvini, halali mchana kwa kuchungulia mawingu. Basi baba yako akamtengenezea king'ora cha kulia tone la kwanza likidondoka. Betri ya pikipiki ina volti kumi na mbili, king'ora kinataka tano, kwa hiyo katikati akatia regyuleta ya kupunguza volti, kama hiyo yako. Kwa kutaka sifa akaongeza na taa za rangi, akavifungia vyote ndani ya kopo la siagi, akaliweka juani.

"Lala tu, mzee," alisema, kifua mbele.

Bibi yako akaligusa kopo, akaruka. "Niletee birika, leo twapata chai bila kuni!"

Tukacheka, wala hatukuuliza joto latoka wapi. Kumbe regyuleta ya aina ile volti inazozipunguza huzigeuza moto, na ikizidiwa hujizima mpaka ipoe.

Mvua ikashuka, kopo kimya. Mimi na bibi yako tukakimbilia kuanua, karafuu zaelea, babu yako akoroma. Mvua ikalipoza kopo, regyuleta ikazinduka, king'ora kikalia mtaa mzima.

Babu yako akatoka akaingia mvuani, kikoi chachuruzika. "Kijana, mvua hii mie nshaijua!"

Posa ikabaki inaning'inia. Nililia, sikufichi. Kisha nikaulizia kwa mafundi, nikampelekea baba yako salamu: taa za rangi atoe, kopo alitoboe ubavuni, na atafute regyuleta ya kuwaka na kuzima kwa kasi, ile isiyopoteza umeme mwingi kwa joto. Mvua iliyofuata king'ora kililia mapema, tukaanua zote kavu. Babu yako akanusa kiganja cha karafuu, akasema, "Mwambieni alete wazee wake."

Basi, mwanangu, kabla hujanunua uliza: volti ngapi zaingia, ngapi zatoka, na mzigo wako, yaani vyombo utakavyoviwasha, wala umeme kiasi gani. Tofauti ikiwa ndogo na mzigo mwepesi, hiyo ya miguu mitatu yatosha, ila ipe bati la kupozea na hewa. Vikizidi, tafuta ile nyengine. Na usimwambie mkwe alale kabla hujaligusa kopo.

Mungu akupe mikono yenye baraka na mke wa kukutetea kwa baba yake. Amin.