Tafadhali Tunyamaze

Ile karatasi iliyobandikwa mlangoni niliiandika mimi mwenyewe, kwa kalamu nyeusi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Tafadhali tunyamaze muziki unapopigwa." Naanzia hapo kwa sababu nimewahi kusikia mwenye nyumba akilaumiwa, na si haki. Kosa lilikuwa langu. Tena nililifanya kwa nia njema, na makosa ya nia njema ndiyo huniudhi zaidi.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Elgon View, hapa Eldoret. Mwenyewe ni daktari wa meno ambaye watoto wake walihama mmoja mmoja wakamwachia sebule kubwa na makochi mengi. Aliyagawa makochi kwa jamaa, akapaka kuta rangi nyeupe, akaanza kuwaalika wachoraji watundike kazi zao. Mwaka huu zamu ilikuwa yangu. Nilipeleka picha kumi na tatu, nyingi za kiwanda cha nguo ambacho king'ora chake kiliniamsha utoto wangu wote, nyingine za akina mama wa Burnt Forest wakipanga viazi kwenye ndoo. Daktari alizitazama bila haraka, kisha akaniuliza kama namjua mtu wa kupiga muziki siku ya kufungua. Hakutaka spika ukutani. Alitaka mtu mwenye pumzi, apige huku wageni wakitazama.

Nikajibu kabla sijafikiri. Nikasema baba yangu anapiga orutu.

Orutu ni fidla ya uzi mmoja, na Baba aliibeba alipokuja Eldoret kutoka upande wa ziwa akiwa kijana. Alifanya kazi kwenye mashine za kusokota nyuzi za kile kiwanda mpaka akastaafu, na miaka hiyo yote orutu ilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake. Aliishusha kwa harusi na matanga ya watu wa kwao wanaoishi mtaa wa Langas, kisha akairudisha. Hakuwahi kuipiga mbele ya watu waliokuja kutazama kitu kingine.

Shida ni kwamba mimi na Baba tulikuwa na jambo letu. Miaka minne iliyopita niliacha ualimu ili nichore. Hakugombana nami. Afadhali angegombana. Alichofanya ni kuendelea kuwaambia watu kwamba nafundisha. Tukiwa nje ya kanisa Jumapili, mtu akiuliza habari zangu, yeye hujibu, "Bado yuko shule," na mimi nimesimama pale pale, rangi imekauka kwenye kucha. Nimeshapita miaka arobaini na sioni haya kusema nilichokuwa nakitaka. Nilitaka nimsikie, mara moja tu, mbele ya watu, akisema kwamba binti yake ni mchoraji.

Alikubali kuja. Ijumaa nilimpeleka aone mahali atakapokaa.

"Harusi najua nipige nini," alisema. "Matanga najua. Sasa hii ni nini?"

"Angalia picha, Baba. Piga unachoona."

Alizunguka sebule mikono ikiwa mgongoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuziona. Alisimama mbele ya ile kubwa kuliko zote, ya wanawake wakiwa kwenye mashine ya kusokota, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Huu uzi umelegea," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Uzi ukilegea hivi, mashine imesimama. Hawa wote wangekuwa wanakimbia. Mbona wamekaa tu?"

Niliudhika. Baada ya kuudhika vya kutosha niliitazama upya, nikaona ni kweli. Nilikuwa nimeuchora uzi ule ukiwa umejipinda vizuri kwa sababu mpindo ulinipendeza, bila kujua kwamba mpindo huo kiwandani ni hasara. Nikamuuliza kama niurekebishe.

"Wacha," alisema. "Huo nitaupiga."

Jumamosi ilinyesha kuanzia saa nane mchana, mvua yetu ile ya baridi, na magari yakaegeshwa kwenye nyasi zilizolowa. Walikuja wengi wa mtaa ule. Akaja pia muuza vitambaa ambaye ndiye huniuzia marikani ninayochorea, Msomali mwenye duka mjini, amevaa koti zuri kana kwamba anaenda kutoa posa. Wakaja vilevile akina mama watatu wa kanisani kwetu, walioalikwa na Baba wasikie orutu. Nilipowaona nilikunja vidole kuficha kucha zangu, kwa sababu kwao mimi nilikuwa bado mwalimu. Nikajiuliza Baba aliwaambia wamekuja kutazama picha za nani.

Baba alikaa kwenye kigoda chini ya ile picha kubwa. Wageni walisoma karatasi yangu mlangoni, wakatii. Akaanza taratibu, na kwa muda mfupi nikasikia mashine yenyewe: ule mzunguko usiochoka, uzi ukivutwa na kuvutwa. Kisha akaulegeza. Sauti ikashuka, ikayumba, ikabaki ikining'inia pale nilipokosea. Nilitazama juu ya kichwa chake, nikauona mpindo wangu, na kwa mara ya kwanza ulinitia wasiwasi, jinsi uzi uliolegea unavyopaswa kumtia mtu wasiwasi.

Akanyamaza. Watu wakapiga makofi laini, ya adabu. Baba akawatazama. Akapiga tena, kwa kasi zaidi, akakata katikati ya wimbo na kuuacha upinde hewani. Maji ya mvua yalisikika yakiteremka kwenye mfereji wa paa.

Nilimwinamia. "Kuna nini, Baba?"

"Hawa watu wamekasirika?"

"Hapana. Wanakusikiliza."

"Mbona hakuna mtu anasema kitu? Wanangoja nimalize niende?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya, na nikaona aibu. Orutu haisikilizwi kimya. Ikikugusa, unainuka, unamsimamisha mpigaji, na unajisifu mbele ya watu wote. Kwa Kiluo huitwa pakruok. Hutaji jina lililo kwenye kitambulisho chako. Unataja lile jambo linalokufanya uwe wewe. Ukimaliza unamwambia, "Piga," na yeye hawezi kuendelea mpaka umwambie, kwa maana aliyesimamisha wimbo ndiye huufungua. Wimbo ambao hakuna aliyeusimamisha ni wimbo ambao haukumgusa mtu. Nimekulia katika hayo. Nikiwa mtoto nilikaa chini ya meza za harusi nikisikia wafanyakazi wa kiwanda wakijisifu mpaka sufuria zinapoa. Halafu nimekuja kumwekea baba yangu karatasi ya kuwanyamazisha watu, nikidhani namheshimu.

Nilienda mlangoni, nikaibandua, nikaikunja na kuitia mfukoni. Nikamwambia Baba apige. Alipofika katikati nikainua mkono.

"Simama hapo."

Upinde ukasimama. Sasa ilibidi niseme. Nilikuwa nimekuja nikingoja kusifiwa na mtu mwingine, na kumbe mila yenyewe inataka ujisifu kwa kinywa chako.

"Mimi," nilianza, "ndiye niliyechora uzi uliolegea, na babangu akauona." Nikawatazama wale akina mama wa kanisani. "Mimi ndiye niliyeacha chaki nikashika burashi. Piga."

Alipiga papo hapo, bila kuniangalia. Akina mama walitazamana.

Haikuchukua muda muuza vitambaa akainua kidole. "Mzee, simama kidogo. Mimi ni muuza vitambaa. Hizi picha zote mnaona zimekaa juu ya marikani yangu. Bila mimi mnaangalia ukuta. Piga."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kikafungua nyumba. Daktari alisimama karibu na picha ya akina mama wa viazi akajisifu kwamba nusu ya meno yanayocheka humu ndani ni kazi yake. Mwingine alisema yeye alizaliwa Burnt Forest na ndoo ile ya bluu anaijua, ni ya mamake. Mwanzoni walikuwa wakizitazama picha zangu kwa heshima ya mgeni anayeoneshwa albamu ya watu asiowajua. Sasa kila mmoja alikuwa akitafuta picha ya kusimama kando yake.

Kisha Baba akakata wimbo. Nilitazama huku na huku nione ni nani aliyemsimamisha. Hakuna mkono ulioinuka.

"Mimi," akasema, akiwa ameketi vilevile, "ndiye mzee aliyewaambia kanisani kwamba binti yake bado ni mwalimu." Mama mmoja kati ya wale watatu akaanza kuitazama picha iliyokuwa karibu naye kwa bidii kubwa. "Miaka minne. Na nilijua ni mchoraji. Nilijua, nikanyamaza."

Hakusema "piga." Angeweza kujifungulia mwenyewe, wimbo ulikuwa wake. Lakini aliushika upinde juu ya ule uzi mmoja, akageuka, akaniangalia na kungoja.

Nilimwacha angoje kidogo. Miaka minne si mchezo.

"Piga, Baba," nikasema.