Baraza Nilizozipima Temeke

Leo nimeuponza mtaa mzima, na mie nilidhani naulinda.

Mnajua nachora ramani kwenye ofisi ya Waingereza. Niliambiwa nichore nyumba mpya ya mwalimu, katikati ya mtaa wa zamani kule Temeke.

Sikutaka nyumba ikae pale kama mgeni. Nikapima baraza zote za mtaa ule, kimo na upana, ili baraza mpya ilingane nazo na kikombe cha kahawa kiendelee kupita nyumba hadi nyumba bila mtu kuinuka.

Bi Zuhura, mwenye nyumba mmoja wa mtaa ule, ndiye aliyenishikia kamba ya kupimia. Akanipa na kashata.

Asubuhi hii mkubwa wangu, Mzungu, kaja kuikagua nyumba, imekwisha jengwa. Kaizunguka mara mbili. Kasema imekaa vizuri mno.

Siwafichi, kichwa kilinivimba.

Kisha akasema, "Basi mtaa wote ujengwe hivi. Hizo za udongo zivunjwe."

Nikamwambia, "Bwana, nyumba hii nimeifananisha na hizo hizo." Akaniomba vipimo vyangu. Nikampa, nikidhani anataka kuhakikisha.

Kumbe alitaka orodha ya nyumba za kuvunjwa. Mchana karani kapita nayo mkononi, anapaka alama nyekundu mlango kwa mlango.

Nikamkuta Bi Zuhura kasimama mlangoni pake, alama ishapakwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote.

"Mwanangu," akaniuliza, "ile siku unapima baraza yangu, ulikosea?"

Nyie mngemjibu nini?

Mie nilimwambia kweli. Nilipima sawasawa.