Viti vya Heshima

Nikisikia mtu anasema "tuwape heshima watu wenye ulemavu," huwa naondoka. Mnisamehe. Kazi yangu ni kufundisha chuoni michezo na mazoezi kwa watu wenye ulemavu. Nimeisomea miaka na miaka, na kijijini kwetu Susuni mpaka leo shangazi zangu wanauliza nitaacha lini michezo nitafute kazi. "Umesoma kote huko ili ukawarushie viwete mpira?" Ndiyo, shangazi. Ili nikawarushie mpira.

Timu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Nyamongo, kwenye machimbo ya dhahabu. Walicheza mpira wa wavu wa kukaa. Wavu unafungwa chini, wachezaji wanaketi ardhini na kusogea kwa mikono na makalio. Ukinyanyua makalio wakati wa kupiga, ni kosa. Hiyo ndiyo sheria na ndiyo raha yake, maana pale mwenye miguu hana cha kumzidi asiye nayo. Ila uwanja tuliopewa ulikuwa kokoto tupu, unachuna ngozi. Akina mama wa timu wakasema, kwani nyumbani tunafanyaje? Wakakanda udongo na mavi ya ng'ombe, wakaukandika uwanja mzima kama sakafu ya nyumba, wakausugua mpaka ukawa laini. Nasikia kwa wenzetu wanatandika mbao. Sisi tuliteleza vizuri tu.

Nahodha alikuwa kijana aliyekatwa miguu yote miwili baada ya mwamba kumwangukia kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo. Lakini mikono yake sasa! Akipiga mpira, bodaboda walikuwa wanasimama barabarani kutazama. Baba yake, au tata kama tunavyosema Wakurya, mzee wa kijijini kwetu, hakuwahi kwenda kumwona tangu ajali ile. Akiulizwa habari zake alijibu kwamba huyo alibaki duarani. Kijana alijua yote hayo. "Mwalimu," aliniambia, "tata akiniona nacheza mara moja tu, atajua bado mimi ni mtu."

Kwa hiyo tulipokubaliwa kucheza mbele ya mgeni rasmi, siku ya maadhimisho ya watu wenye ulemavu, nilikwenda mwenyewe Susuni kumwita mzee aje amwone mwanawe akicheza.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Anacheza akiwa wapi?"

"Chini, tata. Wote wanakaa chini."

"Mtu mzima? Chini, mbele ya watu?"

Kwetu mwanaume mzima ana kigoda chake. Chini wanakaa watoto. Nilimweleza sheria za mchezo mpaka mate yakanikauka. Akavuta ugoro, kisha akasema, "Nitakuja nione."

Na akaja kweli, kigoda mkononi, akaketi pembeni mwa uwanja. Nahodha alipomwona, mpira wake wa kwanza ulitua mstarini kabisa, watu wakalipuka. Mzee alinyoosha shingo. Naapa niliona akiinyoosha.

Hapo mshereheshaji akadaka kipaza sauti. "Jamani, jamani, simamisheni! Hivi kweli sisi tumekaa kwenye viti, ndugu zetu wanagaagaa chini? Aibu hii ni ya nani? Leteni viti!"

Watu wakapiga makofi, wengine wakafuta machozi. Viti vya plastiki vikatoka kwenye turubai la wageni, vikapita juu ya vichwa, vikakitwa katikati ya uwanja, na miguu yake ikatoboa sakafu ya akina mama. Nikamkimbilia afisa aliyesimamia sherehe, naye mtu wa kuja, kahamishiwa huku. Nikamwambia wanakaa chini kwa sababu ndiyo sheria ya mchezo. Akaniangalia juu mpaka chini. "Kumbe wewe ndiye uliyewaketisha mavumbini? Pamoja na usomi wako wote?"

Nahodha alikuwa anasema, "Niacheni, nasema niacheni!" Wanaume wakacheka, "Usione haya, mura, wewe kijana," huku wamemshika kwapani wanamnyanyua. Wakamweka kitini. Mgeni rasmi akamtupia mpira mapajani, taratibu, kama anayempa mtoto chungwa, na kamera zikapiga. Basi, mchezo wetu ukaishia hapo. Loo! Nilitukana kwa Kikurya matusi ambayo marehemu mama asingeamini nayajua.

Mzee akanifuata, macho yamelowa. "Ahsante sana, mwalimu. Nilipomwona pale chini nilitaka kuondoka. Kumbe wakubwa wanamheshimu hivi! Wamemwinua."

"Tata, pale chini alikuwa anashinda."

"Eeh," akasema, kama mtu anayemkubalia mtoto ili anyamaze. Mpaka leo najiuliza ile shingo ilikuwa inatafuta nini.

Chuoni picha ya viti iliwapendeza mno. Imetundikwa mlangoni mwa ofisi ya mkuu wa idara, na kila asubuhi napita mbele yake nikiwa na hasira kifuani. Wenzangu wananiambia nina gubu, kwamba siku ile watu walitenda wema. Sawa, wema. Wema gani unamshika mtu kwapani huku anakataa?

Nilirudi Nyamongo akina mama walipomaliza kuziba matundu ya uwanja. Timu ilikuwa imeshaketi inapasha misuli, nahodha hayupo. Nikamfuata kwake na mpira kwapani. Nilimkuta nje ya mlango, juu ya kigoda kipya, kimechongwa vizuri na kupakwa mafuta mpaka kinang'aa.

"Tata amekileta mwenyewe," alisema. "Kachonga kwa mkono wake. Amekaa hapa na mimi mchana kutwa, tumepiga stori."

Nilitaka kufurahi. Nani asingefurahi? Nikamwambia, "Vizuri, mura. Haya, shuka twende, wenzako wanakungoja."

Akakishika kigoda kwa mikono yake yote miwili, mikono ile ile.

"Niache tu, mwalimu," akasema. "Nikishuka chini, tata atasikia."