Saa ya Ujerumani Ndani ya Sufuria

Miaka yote niliyokaa Brussels, saa ya nyumbani kwangu ilikuwa mwongo, na mimi ndiye niliyeilea hivyo. Ilikwenda mbele kwa dakika ishirini. Tabia hiyo niliirithi kwa mama yangu kule Bukavu. Saa yake ya ukutani ilitangulia kengele ya kanisa, na sisi watoto tukakua tukiamini kwamba kengele ndiyo inayochelewa. Nyumbani kwangu kila mtu alijua saa inadanganya, na alijua inadanganya kwa kiasi gani, kwa hiyo hakuna aliyedanganyika. Ukimweleza Mbelgiji jambo hili anakuangalia kwa huruma.

Asubuhi zangu zilikwenda hivi. Saa inalia alfajiri, ninavaa, ninachemsha chai, ninaichukua saa chumbani na kuiweka mbele yangu kwenye meza ya jikoni. Inaniambia nimechelewa. Ninaiangalia, ninaipunguzia uongo wake, ninamimina kikombe cha pili na kukaa. Ikifika pale inapodai kwamba tramu imekwishaniacha, ndipo ninavaa koti. Simu haikuwa na kazi hapo. Ililala ndani ya droo ya sebuleni, kwa sababu kikundi chetu cha maombi kinatuma sauti usiku kucha na watu wake hawajui kulala. Niliichukua mlangoni, wakati wa kutoka.

Kisha kiwanda cha magari cha hapa kwetu Forest kikafungwa, na mume wangu akabaki nyumbani. Sasa mshahara wa nyumba ukawa mmoja, wangu, na wenyewe ulikuwa wa kuazima. Nilikuwa ninahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa mkataba wa kumshikia mtu nafasi. Muuguzi mkuu, mama mmoja Mbelgiji asiyepandisha sauti, alikuwa ameniambia kwamba mwenye nafasi harudi, na kwamba mwisho wa mwezi angeamua kama anipe mimi mkataba wa kudumu. Alisema kazi yangu anaipenda. Alisema pia kwamba hawezi kumpa nafasi mtu wa kuchelewa, maana yule wa zamu ya usiku haruhusiwi kuondoka hadi wa asubuhi afike. Nikamjibu kwamba sijui kuchelewa. Nilikuwa na saa yangu ya uongo, ningeogopa nini.

Basi mtu asiye na pa kwenda asubuhi ndiye aliyeona kwamba nyumba yetu inahitaji saa isiyokosea. Alipanda hadi maduka ya Chaussée d'Ixelles, akapita Matonge, mtaa wa Wakongo, kusalimia, akarudi jioni na kaboksi kadogo amekakumbatia kifuani.

“Maman, angalia,” akasema. “Hii saa iko inasikia Ujerumani.”

Nikamuuliza Ujerumani inasema nini.

Akanikalisha chini. Bon, kuna mnara Ujerumani, karibu na Frankfurt, unaotuma saa kwa redio, na saa ya huo mnara haikosei hata sekunde. Hii ndogo ina antena ndani ya tumbo. Kila usiku, watu wamelala na hewa imetulia, inategea sikio, inasikia saa ya kweli, inajirekebisha. Majira yakibadilika, inajibadilisha yenyewe. “Donc, hakuna mtu wa kuigusa tena,” akamaliza, akiniangalia mimi.

Usiku huo wa kwanza haikusikia kitu. Jengo letu ni la zege na dirisha letu linatazama ukuta wa jirani. Mume wangu akazunguka nayo nyumba nzima, mkono juu, kama mtu anayetafuta mtandao kijijini. Aliitoa karibu na televisheni, akaihamisha kutoka kwenye friji, mwisho akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha la chumba, uso wake ukielekea mashariki. Kesho yake alama ndogo ya mnara ilikuwa imetulia kwenye kioo. Alifurahi kama mtu aliyepata visa. Saa yangu ya zamani akaitoa betri, akaisukumia juu ya kabati.

Mimi sikubishana. Mke mwenye akili habishani na Ujerumani. Mume wangu alipokwenda kuoga, nikaishika ile saa mpya, nikabonyeza vitufe vyake, nikaisukuma mbele dakika ishirini. Nikaenda kulala na amani yangu.

Na yenyewe, usiku, ikategea sikio.

Asubuhi ilipolia nikavaa, nikachemsha chai, nikaiweka mezani. Iliniambia nimechelewa. Nikaipunguzia uongo ambao haikuwa nao tena, nikamimina kikombe cha pili. Maisha yangu yote saa zimenidanganya na nikafika mapema. Siku moja tu saa ikaniambia kweli, sikuiamini, na ikawa ndiyo siku niliyochelewa. Niligundua mlangoni nilipotoa simu kwenye droo. Nilikimbia hadi kituoni nikiwa na umri huu na magoti haya. Tramu ilikuwa imekwenda.

Kazini yule wa zamu ya usiku alikuwa amekaa na koti lake mapajani, ananisubiri. Muuguzi mkuu naye hakupandisha sauti. Aliniambia tu kwamba ataandika uamuzi wake Ijumaa, na kwamba angependa kusiwe na asubuhi nyingine ya namna hii kabla ya hapo. Siku nzima niliwaosha wazee nikihesabu siku za kufika Ijumaa. Niliogopa. Nilijua kodi ya nyumba inatoka wapi.

Jioni nilimweleza mume wangu yote, pamoja na vile vitufe. Alinisikiliza kama padri.

“Maman, ulisukuma saa ya radio,” akasema. “Njia ya mwongo ni fupi.”

Kisha akanipa ushauri. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa hiyo ushauri wake ulikuwa mwepesi: saa ibaki kwenye kweli, mlio urudishwe nyuma dakika ishirini. Hesabu ni ile ile. Alinionyesha kwa vidole, kama mtoto wa chekechea.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Saa ililia mapema, nikafika jikoni mapema, nikaweka chai mezani. Hesabu ilikuwa ile ile kweli, na kikombe cha pili sikukimimina. Saa ikisema muda umekwisha, nami ninajua bado upo, basi ule muda nimeuokota. Hauna mwenyewe. Mume hauhitaji, wazee hawaujui, wa Bukavu hawawezi kuuomba. Lakini dakika ishirini za kweli zina kazi. Nilikaa kidogo tu, nikasimama, nikaosha vyombo, nikapiga pasi shati la mume, nikakata vitunguu vya jioni. Nilitoka nimechoka kabla sijaanza. Nilifika kazini mapema, nikiwa na hasira na Ujerumani nzima.

Nikiwa kwenye tramu ndipo nilipomkumbuka mama. Tulipokuwa wakubwa tuliamini aliisukuma saa yake ili sisi tuwahi shule. Lakini mimi niliwahi kuamka kabla ya wengine, nikamkuta jikoni karibu na mbabula, lile jiko la makaa, kikombe mkononi, hafanyi kitu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, “Niko nakaa.” Kisha akatazama saa, akaanza kutuamsha kwa makelele kwamba tumechelewa. Mama yangu aliwadanganya watu wanane ili apate kukaa.

Alhamisi jioni nikatoa sufuria yangu kubwa ya bugali, ile nzito ya alumini iliyonifuata kutoka nyumbani. Mume wangu mwenyewe alikuwa amenifundisha, alipokuwa anaihamisha saa kutoka kwenye friji, kwamba chuma kinaiziba masikio. Nikaisukuma mbele dakika ishirini, nikaiweka ndani, nikafunika, nikaweka jiwe langu la kusagia pilipili juu ya kifuniko. Ujerumani iseme peke yake.

Alfajiri sufuria ilipiga kengele kama kanisa kuu la Bukavu siku ya Pasaka. Mume wangu aliruka kitandani akidhani ni moto. Mimi nilikuwa nimekwishafika jikoni. Nilifunua, nikaangalia: alama ya mnara imepotea, uongo umelala salama. Chai ya kwanza, chai ya pili. Alikuja akasimama mlangoni na bukta yake, akaiona saa, akaiona sufuria, akaniona mimi.

“Maman, uko nafanya nini?”

“Niko nakaa, papa. Rudi ulale.”

Akarudi kulala. Mchana ule muuguzi mkuu alinipa mkataba nitie sahihi, akasema amefurahi kuona nimeweka mambo sawa nyumbani. Nikamwambia tumenunua saa ya redio, haikosei hata sekunde.

Jioni nilikuwa sebuleni, nimenyoosha miguu, nikasikia jikoni vitufe vinabonyezwa polepole, kisha kifuniko, kisha jiwe. Sikusimama. Mume wangu, yule mtumishi wa kweli, alipita mbele yangu kwenda kulala, akitazama kwingine.

Asubuhi nilikaa, nikanywa viwili, nikavaa koti pale saa iliponiambia. Kituoni hapakuwa na mtu. Nikatoa simu, nikaangalia, na nikaelewa: hakuiacha kwenye ishirini. Aliisukuma hadi thelathini. Mtu ambaye hakuna anayemsubiri popote asubuhi alikuwa amenipa dakika kumi zaidi za kukaa, kwa kuniamsha dakika kumi mapema, na mimi nilikuwa ninazimalizia kwenye baridi ya Forest nikimtukana kwa Kiswahili.

Jioni alipouliza kama saa ilikuwa sawa, nilimwambia ilikuwa sawa kabisa. Siku hizi ninapunguza thelathini.