Sista Paskazia na Chupa za Mwakitolyo

Sista Paskazia alizaliwa Masumbwe mwaka 1979, mtoto pekee wa Lusia, mganga ambaye mizizi yake ya homa ilisifiwa wilaya nzima ya Mbogwe. Alipoitikia wito wa utawa mama alilia, kisha akamwonyesha mti wenyewe, siri ambayo hakumpa mtu mwingine.

Sista Paskazia alisomea maabara. Mwaka 2018, kwa kibali na chini ya usimamizi wa daktari, alianza kuijaribu dawa hiyo katika zahanati ya shirika lake karibu na machimbo ya Mwakitolyo. Homa zilishuka kwa siku moja. Wachimbaji wakamwita mtakatifu angali hai, jambo la hatari kwa binadamu yeyote. Hapo akakosea, wala sitamfichia: kwa huruma, na labda kwa kajivuno kidogo, aligawa chupa za dawa hiyo kwa watu wasiokuwemo kwenye majaribio, kabla majibu hayajakamilika.

Blessing, binti wa mchimbaji Ndaki, alikuwa na miaka minne. Alikunywa, joto likashuka, akacheza. Siku ya sita alirudishwa na degedege. Sista alipotazama damu yake kwenye darubini aliikuta imejaa vimelea. Mtoto alifariki kabla dripu haijaisha. Dawa ilituliza homa tu. Malaria ilibaki palepale.

Sista alipoamua kuwaambia watu ukweli, Lusia alimsihi, "Mwanangu, ukilitangaza hilo umenizika. Wangapi wamepona kwa mkono wangu?"

"Waliopona tunawaona, mayu. Waliokufa nani aliwahesabu?"

Jumapili, wakati wa matangazo, alisimama mbele ya waumini. "Dawa yangu haiponyi malaria. Nimemuua mtoto wa Ndaki. Nirudishieni chupa."

Kanisa liliguna, nami padre wao niliguna. Wengine walidai amehongwa na wauza dawa. Alizunguka maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kwa miguu, akitukanwa, akikusanya chupa. Ndaki alimfukuza, na hadi leo hajamsamehe.

Aprili 2020 malaria ilimshika hukohuko machimboni, mvua imekata barabara. Waliomhurumia walimletea chupa waliyokuwa wameificha. Aliisukuma. "Nipeni dawa mseto." Ilikuwa imeisha zahanati. Alifariki siku ya tatu.

Sasa watu wanasimulia maajabu yake. Wanachota udongo wa kaburi lake, wanaukoroga kwenye maji, wanawanywesha watoto wenye homa. Jamani, mnamuua mara ya pili! Juzi mama mmoja aliniletea udongo huo niubariki, mtoto anachemka mgongoni. Mimi mwenyewe nilimbeba mtoto hadi zahanati, tukachelewa, akafariki. Anayempenda Sista Paskazia amwige: ampeleke mtoto akapimwe damu leo hii, hata kama homa imeshuka.