Samli ya Monika na Rili ya Nashon

Ukitaka kumchekesha mtu wa Kabungu, mtajie Nashon na rili zake. Msukuma mwenye ng'ombe arobaini, kwake maziwa hayakauki, na bado kila Jumamosi anashika njia ya bwawani kwenda kuvizia kambale! Haya, kila mtu na ugonjwa wake.

Rili ni kile kigurudumu cha kuviringia mshipi wa kuvulia, na zote alizinunua dukani kwa Zubery, mjini Mpanda. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki. Kambale alipovuta tu, mpini ukambakia Nashon mkononi. Ya pili ilikuwa ya kufunikwa, mshipi umo ndani, ukijisokota huko hujui pa kuanzia, akaitupa stoo. Ya tatu ikawa ya chuma.

"Hii ndiyo yenyewe, ndugu yangu," Zubery alimwambia. "Ila chuma kinataka mafuta. Usipoipaka, usije kunilaumu."

Mafuta gani, Zubery hakusema, na Nashon hakuuliza. Mfugaji anajua mafuta ya aina moja tu. Kila Ijumaa akawa anachota samli kwenye kibuyu cha mkewe Monika, anaipaka rili mpaka inang'aa. Samli ikapungua, Monika akamshuku paka. Maskini, paka wa watu alikula fagio wiki tatu nzima, naye hana hili wala lile.

Ijumaa moja ya Julai Monika akachoka. "Baba Mary, mara nne umerudi mikono mitupu. Kesho ukija bila samaki, hiyo rili naipeleka kwa Zubery, anibadilishie na sufuria."

Nashon akanyong'onyea. Aliipenda rili ile, jamani, msimcheke.

Asubuhi bwawani kulikuwa na baridi ya kung'ata. Akatupa ndoano, akangoja, akajaribu kuzungusha rili. Ng'o! Samli ilikuwa imeganda. Afanyeje? Akaikumbatia ndani ya koti, fimbo ya kuvulia na vyote, kama anavyofanya kwa ndama aliyezaliwa kwenye baridi. Hapo hapo kambale akameza ndoano. Hakukuwa na muda wa kungoja samli iyeyuke. Akaukamata mshipi kwa mikono, akarudi kinyumenyume hadi juu ya tuta, anavuta utadhani ana dume lisilotaka josho. Kambale akatua kwenye nyasi, mnene, masharubu yakimcheza.

Monika alipokea samaki kwa vigelegele, akamkata kichwa, akambandika jikoni. Kisha akanusa.

"Baba Mary, mbona koti linanuka samli?"

Nashon akamtazama paka. Paka naye akamtazama. Angeweza kudanganya, lakini moyo ulimsuta, akasema yote: kibuyu, baridi, mikono. "Rili haikuzunguka hata kidogo, Mama Mary. Kama ni kuipeleka, ipeleke."

Monika alicheka mpaka akakaa chini. Alipoinuka alikwenda kwenye cherehani yake, akarudi na kichupa cha mafuta. Akaifuta samli kwa pindo la kanga, akadondoshea matone mawili, akazungusha. Rili ikateleza bila hata kukwaruza. Akazungusha tena, na tena, mchuzi ukachemka mpaka ukamwagika.

"Ile ya kufunikwa uliyoitupa stoo ni yangu," akasema. "Jumamosi ijayo tunaenda wote. Na hicho kichwa cha kambale mpe paka, umwombe radhi."